Jumatatu, Vitatu

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi ukungu, baadaye manyunyu. Baridi ya kupenya mifupa, siku mbaya kwa watu wangu. Kliniki ya baridi yabisi ilijaa kabla hatujafungua dirisha la dawa. Mikono imeviringishwa mitandio, kila mtu kakaa wima kama kameza mwiko, hakuna anayetaka kuguswa.

Wapya wawili wameanzishiwa vidonge vya njano. Niliwaimbisha mwenyewe. Dawa hii ni mara moja kwa wiki! Siku gani? Jumatatu! Vingapi? Vitatu! Daktari akipandisha dozi, tunahamisha siku: Jumanne, vinne. Siku inajitaja yenyewe, mgonjwa hasahau. Kibwagizo changu hicho. Metroni amekipenda mpaka amekichapisha kwa herufi kubwa na kukibandika kila wodi. Ijumaa nitakieleza mbele ya wakuu wa kliniki zote. Mimi, wa sekondari na cheti!

Bi Maswali akainua mkono. Huyu ni muuguzi wetu mpya. Jina hilo nilimpa mimi, na limeganda. "Sista, je, mtu akidhani kila siku ina vyake? Jumapili viwili, Jumamosi kimoja?"

Benchi zima likageuka. Nikamwuliza uuguzi alisomea wapi, uvunguni? Wagonjwa wakacheka. Yule dereva asiyeweza kugeuza shingo alicheka mpaka akajishika mbavu. Nikamsimamisha Maswali akariri kibwagizo mara tatu kama mtoto wa chekechea. Machozi yalimlengalenga, lakini alikariri. Safi. Timu isiyo na adabu ni soko.

Jioni nilimmenyea Mama machungwa, maana vidole vyake vimepinda kama tangawizi. Nikamsimulia. Hakucheka. Alisema ulimi wangu una makali, ipo siku utanikata mwenyewe. Wazee!

Jumatano, 11 Juni

Jua kali tangu asubuhi. Fundi cherehani ameletwa na wifi yake, kabebwa mgongoni kama gunia.

Namkumbuka vizuri. Anashona nguo za maharusi. Alikuja kwetu hawezi hata kushika sindano, tukamwanzishia vitatu. Mwezi jana daktari akampandisha. Nikamwambia, huku nikimwita anayefuata: "Hongera, sasa umepanda. Jumanne, vinne!" Maswali akampa paketi ya miezi mitatu pale dirishani. Basi.

Leo mdomo wote ni vidonda. Midomo imechanika kama udongo wa kiangazi. Homa. Miguuni madoadoa ya damu chini ya ngozi. Hawezi kumeza hata mate, kwa hiyo anayesema ni wifi, na wifi ana domo la watu wawili. "Kwanza mikono ilimgomea, sasa mdomo. Bado miguu tu, tumgawe kwa mafungu!"

Daktari akauliza dawa anakunywaje. Wifi akahesabu kwa vidole, kwa fahari kabisa. Jumamosi kimoja. Jumapili viwili. Jumatatu vitatu. Jumanne vinne. Jumatano vitano. "Alhamisi na Ijumaa hazina namba, anapumzika. Namhesabia mimi mwenyewe, hajaruka hata siku!" Akautikisa mfuko mdogo wa vidonge mbele yetu, akaurudisha kifuani.

Daktari akaweka kalamu chini. Sikumtazama Maswali usoni. Niliona viatu vyake tu.

Damu imepimwa: chembe nyeupe karibu hakuna. Kalazwa chumba cha peke yake. Daktari akasema kwa Kiingereza, juu ya kichwa cha mgonjwa, kwamba dawa isimamishwe na apewe ya kuizimua. Akaandika kwenye faili, akaenda zake.

Alhamisi, 12 Juni

Mawingu, hewa nzito. Metroni katuita ofisini, mimi na Maswali; daktari naye yupo. Hakuuliza nani alimwambia fundi namna ya kunywa. Aliuliza: "Nani alimpa?"

Kupa na kuambia ni vitu viwili. Nikajibu nilichoulizwa. Aliyempa ni Maswali. Kweli tupu, haina hata doa!

Maswali akafumbua kinywa. Metroni akamwahi: "Ehe, Bi Maswali. Leo nawe una jibu?" Daktari akatabasamu dirishani. Maswali akafumba kinywa.

Mchana nilikula nikashiba. Nilidhani sitaweza.

Ijumaa, 13 Juni

Maswali kasimamishwa kazi. Alikuja kunikabidhi ufunguo wa kabati. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo. Akauliza tu: "Sista, mgonjwa ameambiwa aache?"

Nikamwambia imeandikwa kwenye faili.

"Imeandikwa, sawa. Ameambiwa?"

Nikamwonyesha mlango. Hata kwenye kuondoka, maswali!

Alasiri kwa wakuu. Nilieleza kibwagizo, wakapiga makofi. Mmoja akagusia yule mgonjwa aliyelazwa. Nikasema ni uzembe wa mfanyakazi mpya, hatua zimechukuliwa. Vichwa vikatikisika kwa masikitiko. Kisha chai.

Jumapili, 15 Juni

Mvua kutwa. Si zamu yangu. Nilipiga simu wodini. Fundi amezidiwa: homa imerudi, chembe zimeshuka tena. Daktari haelewi. Dawa ya kuzimua inaingia, na bado! Kasema mwili wa yule mama ni mbishi kama wifi yake.

Chumbani kwake sijaingia tangu Jumatano. Kazi nyingi.

Mama kasema leo nimeosha vyombo visafi.

Jumatatu, 16 Juni

Ukungu tena. Kliniki ilipopungua nikapanda wodini.

Pazia lilikuwa nusu. Wifi kakaa ukingoni mwa kitanda, anaponda kitu kwenye kijiko cha maji. Unga wa njano. Na sauti yake — sikujua kama ana sauti ile, laini namna ile: "Fumbua, wifi yangu. Jikaze. Kimebaki hiki tu." Fundi akafumba macho, akameza, akalia bila sauti. Wifi akampangusa kidevu kwa kiganja.

Aliponiona akachangamka. "Sista wetu! Usidhani tumezembea. Juzi kimoja, jana viwili, leo vitatu vyake ndio hivi. Hawa wanamtundikia maji tu, dawa yenyewe hawampi. Ningemwachia nani? Haya, tuimbie wimbo wako, naye achangamke. Jumatatu..."

Kibandiko kiko ukutani, juu ya kichwa cha kitanda. Herufi kubwa.

"Vitatu," nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe.

Nikamwomba mfuko. Nikasema kuanzia leo namhesabia mimi. Akanishukuru! Akaniombea dua hadharani, mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akaitikia amina. Sikumwambia mimi ni nani katika habari hii.

Fundi akainua mkono, akakamata pindo la sare yangu. Vidole vyake! Uvimbe wote umekwisha. Vimenyooka kama vya msichana, vinaweza kutunga sindano. Alitaka kusema neno, midomo ikachanika, damu ikatoka. Nikajinasua taratibu, kidole kimoja kimoja.

Daktari lazima ajue. Sumu imeendelea kuingia, hesabu yake yote ianze upya, na ianze leo. Nikaenda mpaka mlangoni pake. Atauliza kwa nini mgonjwa hakuambiwa aache. Atauliza kumwondolea mgonjwa aliyelazwa dawa alizokuja nazo ni kazi ya nani. Ni ya kiongozi wa timu, yaani mimi. Halafu wifi ataitwa, na wifi ataimba.

Alikuwa kwenye simu. Akaniinulia kiganja: subiri. Nikasubiri. Akacheka na aliyekuwa akiongea naye, akazungusha kiti kuelekea dirishani. Nikasubiri tena kidogo. Zamu yangu ilikuwa imekwisha. Nikashuka ngazi.

Nyumbani Mama alikuwa ameshakinga kiganja. "Leo Jumatatu, mwanangu. Vitatu vyangu." Nikampa kutoka kichupa chake, nikasimama nikamtazama mpaka akameza cha mwisho. Akaniuliza naangalia nini.

Mfuko wa fundi umo mfukoni mwa sare. Sare iko msumarini.

Simu imeita. Ni wodi. Ikakatika. Sasa inaita tena hapa mezani, inatembea yenyewe kama mende. Mama kasema pokea. Nimemwambia nimechoka, kesho kuna raundi, nitasema kesho. "Utasema nini?" kauliza. Naye maswali!

Saa kumi na mbili jioni, jua bado liko dirishani. Nalala.