Neno Langu Limemfukuzisha Kazi Esperansi

Bi Zabibu, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu padri niliyemfanyia kazi siwezi tena kumwangalia usoni na nyumbani hakuna anayejua. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ipuli, nimetunga lugha ndogo ya kuandikia programu kwa Kiswahili, na ndani yake ilibidi pawe na neno ambalo programu inalitumia kujitaja yenyewe, nikachagua "hii", mwenzangu Valentino akakataa, akasema, "Mtu akiona 'hii' atafikiria kile anachokishughulikia wakati huo, hatafikiria programu nzima. Tuite 'yenyewe'." Nilimjibu vibaya mbele za watu kwa kuwa lugha ni yangu, akaondoka, na hatujafanya kazi pamoja tena.

Parokia moja upande wa Ulyankulu vitabu vyao vya ubatizo vililowa mvua, nikawatengenezea programu, majina yote yakawa yanakaa ndani yake, na karani wao Esperansi, mjane mwenye watoto watatu, akayaingiza kwa miaka miwili, kisha vitabu vilivyooza vikachomwa. Mwezi wa tatu alikuta rekodi moja imeingia mara mbili, akaandika "futa hii" akimaanisha rekodi hiyo, programu ikajifuta yenyewe pamoja na majina yote, na nakala ya akiba sikuwahi kuwawekea. Nilipoitwa nilisema karani amekosea. Akafukuzwa siku hiyo hiyo, akachukua kanga yake kwenye kiti akatoka bila kunitazama, na sasa anafanya vibarua kwenye mashamba ya watu.

Wiki iliyopita nilikuwepo parokiani mama mmoja, Konsolata, alipokuja kuomba cheti cha ubatizo cha mtoto wake aliyefariki akiwa na miezi minne, kwa kuwa jina la mtoto halikuandikwa popote pengine, nikamsikia padri akimwambia hakuna. Nikikiri nitakosa kazi mji mzima. Niseme au ninyamaze?

Fundi, Ipuli

Fundi, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili huruma ilipungua. Kuchagua neno baya ni jambo la kawaida kwa fundi. Lakini wewe ulionywa, ukathamini fahari yako kuliko kusikia, kisha ukamtwisha mjane mzigo wako. Hapo kompyuta haihusiki.

Nenda kwa padri, Esperansi awepo, useme wazi kwamba yeye aliandika Kiswahili sahihi na wewe ndiye uliyekipa maana nyingine. Omba arudishwe kazini. Mwombe radhi Valentino, mlibadilishe neno hilo kabla halijamfikia mtu mwingine, na msimpe mtu programu isiyo na nakala. Halafu shika daftari, upite nyumba kwa nyumba ukikusanya kadi za ubatizo na kumbukumbu za wasimamizi. Anza kwa Konsolata, umsikilize mpaka amalize. Hutayapata majina yote, kwa sababu baadhi ya waliokumbuka wameshazikwa, na hilo utaishi nalo. Usimdanganye mtu kwamba yatarudi.

Kazi unaweza kukosa, ndiyo. Gari la kwanza la Ulyankulu huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Lipande.