Kijiko Changu Kwenye Maji ya Kuku wa Mkamwana

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, natumai u mzima wewe na wote wa nyumbani kwako, mimi namshukuru Mungu ila moyo hautulii, naomba msaada. Mkamwana wangu anafuga kuku mia mbili wa mayai nyuma ya nyumba, na yule binti, mshauri, sijaona mfano wake, haingii bandani bila kubadili viatu, na kuku wakipewa antibayotiki kwa agizo la daktari wa mifugo anaandika siku kwa chaki nyuma ya mlango, mayai ya siku hizo anayafukia yote mpaka dawa iishe mwilini mwao, hata mimi nikiomba mawili tu ananiambia, "Mama, haya hayaliwi, hata mbwa simpi," nami nacheka namwita Bi Chaki. Sasa aibu yangu. Tangu mwaka jana kila nikisikia kuku amepiga chafya nachukua dawa iliyobaki, ikiisha nanunua dukani, natia kijiko kimoja kwenye maji yao, naombea, naondoka, nikidhani namsaidia kimyakimya. Wiki hii kuku wanakoroma, wamekufa kumi na tisa, dawa haifanyi kitu, na daktari amekuna kichwa akasema, "Ugonjwa huu kama umeizoea dawa, lakini umeizoea wapi?" Mkamwana analia kwamba yeye ndiye kakosea, anataka kufunga banda. Nikisema, ataniheshimu tena? Tafadhali nijibu upesi, daktari anarudi Alhamisi.

Mama Mkwe

JIBU

Mama, salamu zimefika, na huyo Bi Chaki nimempenda kabla sijamwona. Ila wewe! Uliyaombea maji, mwenye kuku hukumwuliza. Kijiko kimoja hakiui vijidudu vyote. Vinavyobaki huwa sugu, na vinaweza kuhamia kwa watu, mtu akiugua dawa isimsaidie. Na mayai ya siku zako watu wamekula.

Usingoje Alhamisi. Leo badili viatu, ingia bandani, mwambie. Usianze na "nilitaka kusaidia", anza na kijiko. Mpe pakiti iliyobaki. Daktari aambiwe yote, apime kuku kabla ya kuchagua dawa nyingine, na yai lisiuzwe mpaka aruhusu.

Heshima? Binti anayefukia mayai ambayo hakuna mtu angeyashuku anajua ukweli una uzito gani. Atakasirika, mwache akasirike. Hasira ikipoa, mwombe chaki, uandike siku zako mwenyewe nyuma ya mlango ule, chini ya zake.