Jisajili Kwanza

Dar es Salaam, 29 Oktoba 2023

Dada Mwanasha,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Natumaini u mzima na mvua zimeanza huko Lukozi. Mimi sijambo, ila joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa tu. Simu yako siku ya tatu haipatikani, ndiyo maana barua hii nimempa Timotheo wa lori la mboga. Nilimkuta sokoni akishusha kabichi, nikafurahi kama nimeona ndugu wa damu.

Usajili wa chuo ni kazi. Vinahakikiwa vyeti halisi, si nakala. Halafu fomu ya daktari, halafu kitambulisho, ndipo unaingia kwenye mtandao kuchagua masomo. Juzi nilipanga foleni tangu asubuhi, nilipofika dirishani nikaambiwa fomu yangu haina mhuri. Mshauri wetu wa masomo ni Bi Jackline. Ni mkali lakini anasikiliza. Anasema masomo ya lazima ni sita na la hiari moja, na tusichague la hiari kwa kufuata marafiki. Nimebaki kati ya udongo na umwagiliaji. Wewe ndiye uliyenilea kwa shamba lile la bondeni, sema nichukue lipi. Mwisho ni Ijumaa, tarehe kumi Novemba. Asiyekamilisha anapoteza nafasi.

Nisalimie Baba Mdogo Mussa. Mwambie nitamletea kanzu.

Mdogo wako,
Hafidhi

Lukozi, 2 Novemba 2023

Mdogo wangu Hafidhi,

Marahaba. Wa alaykum salaam. Barua imefika na nimeisoma mara mbili. Mimi ni mzima. Simu iliingia maji nikivuka mfereji. Mwandiko huu ni wa Mwalimu Lucy kwa kuwa nina jipu kidoleni, lakini maneno ni yangu.

Chukua umwagiliaji. Udongo wetu hauna shida. Shida ni nani anafungua maji na nani anayafunga.

Ila jisajili kwanza. Kabla ya kula, kabla ya kwenda kuiona bahari, jisajili. Na usije nyumbani mpaka likizo, hata ukisikia nini.

Dada yako,
Mwanasha

Dar es Salaam, 6 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Hali yako siiulizi, nimeshaambiwa.

Fahadi wa Mlalo, yuko mwaka wa pili hapa, amekuja bwenini mchana kunipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akaona sijui kitu, akataka kuondoka, nikamshika shati. Ndipo akasema, "Dada yako alilazwa Lushoto. Mussa na mwanawe Darweshi wamemkata vidole."

Jipu, dada. Umenidanganya, na mimi nikakaa hapa nachagua masomo.

Vyeti vimeshahakikiwa. Imebaki kuthibitisha masomo kwenye mtandao na kusaini kwa Bi Jackline. Sitafanya. Nimenunua panga. Alhamisi alfajiri napanda basi. Simu nimeizima, sitaki mtu wa kunibembeleza.

Mdogo wako,
Hafidhi

Lukozi, 8 Novemba 2023

Hafidhi mdogo wangu,

Marahaba. Nakuombea uzima na akili ya kutulia. Nimekupigia kwa simu ya Mwalimu Lucy tangu asubuhi, hupatikani. Timotheo anapakia sasa hivi, kwa hiyo nasema haraka, na nasema kweli yote.

Ilikuwa tarehe ishirini na sita, asubuhi. Nilikuwa nafungulia maji karoti. Baba Mdogo alikuja na Darweshi, wakaanza kufyeka kabichi zilizokwisha kufunga. Nikawaambia, "Baba Mdogo, hilo ni shamba la kaka yako." Akasema, "Kaka yangu amekufa, na mwanamume wa shamba hili ameenda kusoma. Wewe ni wa kuolewa." Nikasema siondoki. Darweshi akanipiga teke, nikaangukia mferejini. Nilipoinuka Baba Mdogo akashusha panga kichwani kwangu. Nikakinga kwa mkono wa kulia. Kidole cha kati na cha pete vilibaki kwenye maji. Simu yangu waliiponda kwa jiwe. Scholastica jirani ndiye aliyepiga kelele watu wakaja.

Nilificha kwa sababu nakujua. Polisi wameshaandika maelezo, fomu ya matibabu ninayo, kesi itafunguliwa. Niache niwashtaki kwa njia yangu.

Nilimaliza darasa la saba nikachukua jembe ili wewe usilichukue. Usilichukue sasa, wala panga. Ijumaa bado haijafika. Nenda kwa mama yule usaini.

Dada yako,
Mwanasha

Mahabusu, Lushoto, 20 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Natumaini mkono unapona. Mimi taya limevunjika, nakula uji. Barua hii inasomwa na askari kabla ya kutoka, lakini sina la kuficha.

Barua yako ya tarehe nane Timotheo aliifikisha bwenini Alhamisi hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Fahadi amenisomea jana alipokuja kuniona.

Ulifika mwishoni, hukuona mwanzo. Nilishuka Lukozi, nikapita moja kwa moja hadi bondeni. Baba Mdogo alikuwa peke yake shambani kwetu, anapanda viazi. Aliponiona akanyooka, akasema, "Umefika? Mbona huamkii?" Mdomo wangu ukasema shikamoo wenyewe. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamkata begani. Alipiga magoti. Nikamkata tena palepale. Panga lilinasa kwenye mfupa, nikaweka mguu kifuani kwake ili nilitoe. Hakuwa na silaha. Alikuwa na kiazi mkononi.

Darweshi alitoka kule juu na mpini wa jembe, mengine uliyaona. Wale watu walionipiga mawe nimewafahamu wote. Mgambo wasingekuja ningekufa, na wakati ule nilitaka hivyo.

Wanasema mkono wa Baba Mdogo umekatwa hospitali, na dhamana sipati mpaka ijulikane kama atapona. Dada, nilidhani nikimkata nitapumua. Bado sijapumua.

Nenda chuoni, niombee waniahirishie mwaka.

Mdogo wako,
Hafidhi

Lukozi, 4 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Wa alaykum salaam. Taya likikuuma mwambie askari, usinyamaze.

Nilishuka Dar na Timotheo. Bi Jackline alinipokea vizuri, akanipa kiti, akafungua kompyuta yake. Jina lako lipo, na masomo sita ya lazima, na umwagiliaji. Ulikuwa umeuchagua tayari. Lakini hukuthibitisha. Nikamwomba akuahirishie mwaka. Akasema, "Mama, anayeahirisha ni mwanafunzi. Asiyekamilisha usajili hajawa mwanafunzi. Ataomba upya, kama wengine." Alisema polepole, naye hakufurahi kusema.

Vyeti vyako nimevichukua. Kwenye ukumbi kulikuwa na watoto wengi wenye mafaili, nikapita katikati yao mpaka nje. Nilikaa kwenye ngazi, Hafidhi, nikakuchukia kidogo. Nakwambia ili ujue.

Baba Mdogo ataishi. Ametuma ujumbe: nimpe shamba, naye aseme yeye na wewe mlianguka juu ya panga kwa bahati mbaya. Nimemwambia mjumbe wake arudi alikotoka.

Dada yako,
Mwanasha

Lukozi, 11 Agosti 2024

Mdogo wangu Hafidhi,

Salaam nyingi. Natumaini afya njema huko gerezani. Hii ni barua ya tatu tangu hukumu, na mbili hukujibu. Labda utasoma hii.

Wazee wa ukoo walitaka niseme mahakamani kwamba Baba Mdogo ndiye aliyeinua panga kwanza. Hata wewe ulinitumia maneno hayo kupitia Fahadi. Nilipanda kizimbani nikasema nilichokiona: yeye kapiga magoti, na wewe unakata. Ulinitazama, kisha ukageuza uso ukutani.

Kesi yangu ilikuwa inafuata wiki ileile, mbele ya hakimu yuleyule. Baba Mdogo na Darweshi walisema nilijikata mwenyewe nikivuna. Kama ningekuwa nimedanganya kwa ajili yako Jumatatu, nani angeniamini Alhamisi? Wao wamepata miaka minne, wewe mitatu. Hiyo mitatu nimechangia kwa mdomo wangu. Sitaomba msamaha, ila hakuna siku nisiyoisikia.

Shamba bado ni letu. Nimejifunza kushika jembe kwa vidole vitatu. Kuandika pia, kama unavyoona. Herufi mbaya hizi ni zangu.

Dada yako,
Mwanasha

Gerezani, 22 Septemba 2024

Dada Mwanasha,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Mimi ni mzima.

Barua zako zote tatu ninazo. Mbili za kwanza sikuzifungua mpaka jana. Nilikuwa nimeapa kwamba sina dada. Nimekaa na kiapo hicho tangu Juni, na hakijanisaidia kitu.

Ulisema kweli. Alikuwa amepiga magoti.

Siku ya kutembelea ni Jumapili, saa nne asubuhi. Usilete chakula, usilete nguo. Njoo tu.

Mdogo wako,
Hafidhi