Neno la Mlangoni

Ijumaa. Mvua ya asubuhi imekatika, mabati bado yanadondosha maji, na mimi nina aibu na furaha kwa pamoja.

Nianze na aibu. Mwezi mzima mtandao wa nyumbani umekuwa ukisuasua. Kazi yangu ni kutafsiri ripoti na kuzituma Kinshasa kabla ya saa kumi, na mara mbili nimechelewa. Juzi mkubwa wangu wa kazi aliniandikia kwamba nikichelewa tena, kazi atapewa mwingine. Nililaumu mawingu, nikalaumu antena, nikamlaumu hata fundi aliyeifunga.

Kumbe waendesha pikipiki wanaopumzika kando ya ukuta wetu hapa Mikelenge wote wako kwenye wifi yangu. Nilidhani wanapenda kivuli. Hata maji ya kunywa nimekuwa nikiwapa. Leo nilipowauliza walipataje neno la siri, mmoja alinijibu bila kuona haya:

"Mama Neema, si njo jina ya mutoto? Tulijaribu mara moja tu."

Mara moja.

Hapa kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando. Mtaa mzima unamwita kwa mtoto wake wa kwanza. Na mimi nikauita mtandao "Mama Neema", kisha nikaweka neno la siri "neema". Nimesoma hadi chuo kikuu, jamani.

Nilimsimulia Mama nikitegemea acheke. Mama yangu hana simu na haitaki. Aliendelea kuchambua sombe yake, yale majani ya muhogo ya mboga, akasema: "Jina ya mutoto ni ya barabara yote. Ulisahau?"

Sikuwa nimesahau. Sikuwahi kuelewa.

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, tulikuwa watu tisa nyumbani, na Mama aliweka neno la mlangoni. Anayerudi alilisema ndipo afunguliwe. Lilikuwa neno la jikoni tu, kinu au mawese, na alilibadilisha kila mgeni alipoondoka kwetu, hata awe ndugu. Alitunong'oneza mmoja mmoja huku akitwanga.

Mchana mmoja mwanamume aligonga, akaita kwa upole: "Zawadi, fungulia mujomba." Zawadi ni mimi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Mama alitokea nyuma akaushika hadi yule mtu akaenda zake. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walifungua. Sitaandika yaliyowapata.

Miaka yote nilifikiri Mama alijua kwamba ile si sauti ya mjomba. Leo nimemuuliza. Hakujua.

"Aliita jina yako," akaniambia. "Neno hakusema."

Namstahi mwanamke huyu kuliko walimu wangu wote.

Basi nimefanya kama yeye. Jina la mtandao halitaji mtu tena. Neno jipya ni refu na halina mtoto ndani yake. Nimebadilisha pia lile la mipangilio, lililoandikwa chini ya kisanduku cha wifi, maana fundi analijua. Mgeni akiondoka nitabadilisha tena. Ripoti imefika Kinshasa saa tisa. Watu wa pikipiki maji watapata, wifi hapana.

Mwisho niliinama nimnong'oneze Mama neno jipya, kama alivyokuwa akitufanyia. Akafunika sikio.

"Usiniambie. Neno ni ya mutu mwenye kutoka na kurudi. Miye niko tu ndani."

Ni kweli, miguu yake haimfikishi tena hata sokoni. Nilikaa naye nikamsaidia kumalizia sombe.

Kuanzia leo, mlango ni wangu.