Rupia za Mzee Jayanti

Jumapili, 4 Mei
Nimezikagua noti za shilingi kumi za zamani ninazokusanya. Mbili zimeingia unyevu. Basi tena.
Nikampigia Mzee Jayanti kule Iringa, kama kila Jumapili. Ndiye aliyenifundisha kutambua sarafu, tangu enzi nikinunua vitambaa dukani kwake Mlandege. Nikamwambia nimepata hela, ile sarafu ya Mjerumani, ya shaba, maandishi yanasomeka yote. Akauliza, "Hela ya nini? Unataka chenji?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 14 Mei
Mwanawe, Nilesh, kapiga simu. Mzee anasahau. Juzi katoa rupia ya Mjerumani yenye kichwa cha Kaizari kununulia ndizi. Muuza ndizi kairudisha, kasema pesa hiyo haipiti.
Duka linauzwa. Wanahamia Dar. "Mama Tumaini, njoo utuambie sarafu zipi za maana. Sisi hatuzijui."
Nilikubali haraka mno. Nilifurahi, ndio ukweli. Niliwaza labda watanipa ile sarafu yake ya shaba iliyotengenezwa Tabora. Aibu.

Jumamosi, 17 Mei
Iringa. Basi liliharibika Nyololo, tukakaa barabarani kwenye baridi mpaka mchana.
Mzee kanipokea kwa heshima zote. "Karibu mama. Unatafuta kitambaa gani?" Hanijui. Miaka yote ile.
Tukamwaga sarafu mezani. Nikazitenga. Rupia peke yake, senti za Mwingereza peke yake. Nikamweleza Nilesh: rupia hizi ni fedha halisi, lakini uzito wake si kitu, thamani iko kwenye mwaka na alama. Usizisugue. Uache weusi wake. Akaitikia, huku anajibu simu.
Mzee akaokota ile ya Tabora, iliyopigwa wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Akaipeleka dirishani, akaigeuza, akapitisha kidole gumba ukingoni, vilevile kama zamani. Nikasubiri.
"Kifungo kizuri," akasema. "Ila hakina matundu."
Nilikwenda kulia chooni.

Alhamisi, 29 Mei
Nilesh kazipeleka rupia kwa sonara. Zote. Zimeyeyushwa, zimekuwa bangili za harusi ya binti yake. Kanitumia na picha. "Asante mama, wewe ndiye uliyetuambia ni fedha halisi."
Nilisema, ndiyo. Hilo tu ndilo alilolisikia.
Za shaba kampa fundi mabomba, na ya Tabora humohumo. Nimemchukia siku nzima, yeye na bangili zake.

Jumatatu, 2 Juni
Mwanangu Tumaini kaniuliza sarafu zangu nitazifanyia nini. Nikamwambia achague anazozipenda. Kasema hana pa kuziweka. Hakusema kwa ubaya.
Hapa Ilomba nani anazitaka? Wanaonijia wameona mtandaoni kwamba sarafu moja ni mamilioni. Nikiwaambia si kweli, wanadhani nawaficha. Wa kuongea naye alikuwa mmoja.

Jumapili, 8 Juni
Walihama jana. Nimepiga, Nilesh akampa Mzee simu.
Nikachukua shilingi iliyokuwa karibu nikamwelezea: simba amesimama, milima nyuma yake, ukingo haujalika. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimsikia anavyopumua.
"Vizuri sana, mama," akasema, kisha akamrudishia mwanawe simu.
Nimefua. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nguo hazitakauka leo.