Mashine ya Pumzi Iko Chini ya Kitanda

Mama Santa, nakusikiliza kila siku redioni nikishona hapa Bugolobi, Kampala, na leo nimeona nikuandikie maana nikiendelea kunyamaza sijui itakuwaje. Naitwa Julienne, nina miaka hamsini na mitatu, nilikimbia vita Bukavu na binti yangu Victoire, mume wangu tukamzika kulekule, na sasa nashona katika chumba hikihiki ninacholala. Usingizi ulinitoka zamani. Napanda kitandani saa tatu, naangalia dari mpaka saa nane, nikishikwa na usingizi kidogo nashtuka moyo unaenda mbio na mdomo umekauka, na asubuhi kichwa kinagonga. Kila niliyemweleza alisema ni mambo ya vita, hata kliniki ya kwanza walisema hivyo wakanipa vidonge vya usingizi vya wiki mbili, nami nikaendelea kununua mwenyewe kwenye duka la dawa, kimoja kikawa viwili.

Aliyegundua ni Nusura, jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja na ni mwembamba. Aliniambia, "Mama, kukoroma kwako nimezoea. Kinachonitisha ni ukinyamaza. Nahesabu mpaka ishirini ndipo uvute hewa kama mtu aliyetolewa majini." Nilisikia aibu, lakini pia niliwaza kwamba tangu mume wangu afe hakuna mtu aliyelala karibu nami akaweza kuniambia. Nikaenda hospitali, wakanipima usiku mzima na nyaya mwilini, wakasema pumzi zinakatika mara nyingi nikilala, wakaniazima mashine yenye barakoa inayosukuma hewa puani. Sasa Mama, mtu asiye na usingizi utamfungaje kitu usoni? Nalala macho wazi nikisikiliza hewa, nasikia kama mtu ameniziba pua. Nilivaa siku tatu. Iko chini ya kitanda, na hospitali wakipiga simu nawaambia naitumia.

Mwezi uliopita Victoire aliniachia mtoto wake wa miezi mitatu aende soko la Nakawa. Nilikaa mkekani nimempakata, nikasinzia, nikaamshwa na kilio. Alikuwa ameteleza mpaka sakafuni. Hakuumia, namshukuru Mungu. Victoire alirudi akanikuta nalia, akamchukua mwanawe, akaniuliza, "Mama, umekunywa?" Nikajibu ndiyo. Sijawahi kuonja pombe maishani. Nilidhani atausamehe ulevi, lakini ugonjwa ungemfanya ahesabu siku zangu, kwa sababu baba yake tulimpoteza ghafla na tumebaki wawili tu. Sasa hamleti mtoto. Jumapili kanisani ananisalimia kwa mkono na kuondoka. Niambie, nitibu usingizi kwanza ndipo nivae mashine, au nivae mashine ndipo usingizi urudi?

Julienne, Bugolobi

Jibu la Mama Santa: Julienne, mama Victoire, pole sana. Umebeba mzigo huu peke yako muda mrefu, na waliokuambia ni vita tu walikuona nusu. Lakini lazima nikugombeze. Umewadanganya watu wawili wanaotaka uishi, daktari wako na mwanao, halafu unakaa unalia kwamba huna mtu.

Swali lako nililipeleka kwa muuguzi anayeshughulika na wagonjwa kama wewe. Amesema hakuna cha kwanza wala cha pili. Una magonjwa mawili na yote yatibiwe pamoja, maana pumzi zikikatika unashtuka, na ukizoea kukesha barakoa inakushinda. Vidonge hivyo vinaweza kuzidisha kukatika kwa pumzi. Usiongeze hata kimoja, lakini usiviache ghafla pia. Vibebe vyote uende hospitali wakupunguzie taratibu, na uwaambie ukweli kuhusu mashine. Hawatakupiga.

Itoe chini ya kitanda leo. Mchana ukiwa umekaa, vaa barakoa dakika kumi ukisikiliza redio, kesho ongeza, mpaka uso uizoee bila kudaiwa usingizi. Kama inakubana, waambie wabadilishe, ziko za namna nyingi. Acha kupanda kitandani saa tatu, panda ukiwa unasinzia kweli. Ukikaa macho muda mrefu, inuka ukae kwenye kiti, ukisinzia urudi uivae tena. Asubuhi amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala. Saa za kulala upange na daktari, usijinyime mwenyewe. Lala ubavu. Na mtoto usimpakate ukiwa peke yako mpaka daktari aseme uko salama. Hapo Victoire alifanya sawa.

Alichokosea ni kuamini uongo wako, na wewe hukutaka aendelee kuuamini. Nilipokupigia Jumanne uliniomba nizungumze naye, kwa sababu wewe ulishindwa. Nimezungumza naye. Nilimweleza yote. Akasema, "Kwa hiyo hakunywa." Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama mashine ile ina kelele, kwa sababu mtoto huamka upesi. Nikamwambia inavuma kidogo tu.

Anakuja Jumamosi na godoro lake. Mtengee nafasi kando ya cherehani.