Mtani Hakunitania

Jumapili, jioni.

Hata mfuko wa mkojo unaoning'inia hapa kitandani haukumchekesha. Mwinyi aliketi, akautazama, akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Basi.

Ndugu yangu! Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Ni watani tangu babu zangu walipopita kwao na mizigo kwenda pwani. Tulipomzika mama yangu, Mwinyi alijilaza kaburini akagoma kutoka, akidai limechimbwa kwa ajili yake. Watu walicheka huku wanalia.

Najua mke wangu alimweleza mlangoni. Tezi dume imetolewa yote, lakini daktari anasema kansa ni kali na ilikuwa imeshavuka nje ya tezi. Bado kuna mionzi, na hata baada ya hapo hawezi kuniahidi kitu.

Kinachoniuma ni kwamba nilichelewa kwa kumwogopa yeye. Mwaka mzima nilikojoa kwa shida, nikanyamaza. Nilijua akisikia tu kwamba daktari amenipima kwa kidole, kijiji chetu kizima cha Ntalikwa kitakuwa na habari kabla ya magharibi. Nikaogopa kicheko chake kuliko ugonjwa. Mjinga mimi.

Leo nikamchokoza mwenyewe. "We Mzaramo, unakuja kumwona mgonjwa mikono mitupu? Au asali uliyoniletea umeilamba njiani?"

Akanishika mkono. "Pumzika, kaka."

Alipotoka niligeukia ukutani. Hata kaburini kwa mama alikuwa na la kusema.